Kilindi na Samawati: Kwa Nini Ziwa Lenye Kina na Maji Maangavu Huonekana la Buluu

Ikisiri

Makala hii inachunguza swali ambalo huulizwa darasani na kujibiwa kwa haraka: kwa nini ziwa lenye kina kirefu na maji maangavu huonekana la buluu? Jibu lililozoeleka, kwamba maji huakisi anga, linapimwa kwa kurejelea maziwa na mito ya Mlima Kenya na miji inayouzunguka. Makala inadai kwamba buluu hiyo kwa sehemu kubwa ni ya maji yenyewe, na kwamba neno samawati, kwa asili yake, limelisaidia jibu la zamani kudumu. Aidha, inaonyesha kuwa Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kulieleza jambo hili kwa usahihi.

1.0 Utangulizi

Mtu anayepanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria hufika mahali ambapo jabali liitwalo Temple linakatika ghafla. Chini kabisa, katika Bonde la Gorges, limetulia Ziwa Michaelson, ambalo maji yake huteremka na kuwa Mto Nithi. Siku ya jua ziwa hilo likitazamwa kutoka ukingoni huonekana la buluu iliyokoza, na penye kina kirefu buluu hiyo hukaribia weusi. Maji hayohayo yakitekwa kwa kikombe hayana rangi yoyote.

Mwanafunzi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki au Chuka akiulizwa sababu ya tofauti hiyo, mara nyingi hujibu kwamba ziwa limeakisi anga. Jibu hilo hupatikana vinywani mwa watu wazima pia, na hurithishwa kutoka kizazi hadi kizazi kama methali. Lina uzuri wake: ni fupi, linaeleweka, na linaafikiana na macho. Hata hivyo, halitoshi. Likichunguzwa kwa makini linashindwa kueleza mambo ambayo mkazi yeyote wa miji ya Mlima Kenya huyaona kila siku.

Huenda ikaulizwa jambo hili linawahusuje wanafunzi wa Kiswahili, ilhali ni la fizikia. Linawahusu kwa njia mbili. Kwanza, majina ya rangi ni sehemu ya semantiki, na jina linaweza kubeba nadharia ndani yake bila msemaji kutambua. Pili, lugha inayodaiwa kuwa na uwezo wa kufundishia sayansi haina budi kuthibitisha uwezo huo kwa kueleza jambo moja mahususi mpaka likaeleweka.

2.0 Rangi Katika Lugha

2.1 Vivumishi vitatu

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa maji meupe, maji meusi, maji mekundu. Rangi nyingine zote hutajwa kwa kuazima jina la kitu na kulitanguliza kwa kihusishi cha -a unganifu: maji ya kijani kutokana na jani, ya kijivu kutokana na jivu, ya zambarau kutokana na tunda la mzambarau. Kikuyu, lugha mama ya wakazi wengi wa Nyeri, kina utatu uleule: -erũ kwa weupe, -irũ kwa weusi na -tune kwa wekundu.

Hali hii si ya lugha za Kibantu pekee. Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao wa mwaka 1969, walilinganisha istilahi za rangi katika lugha nyingi za dunia na kudai kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya msingi huwa na jina la weupe, la weusi na la wekundu, na kwamba jina la buluu huja baadaye. Nadharia yao imekosolewa na kurekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, lakini mpangilio wa vivumishi vya Kiswahili na Kikuyu unaelekeana nayo. Ni muhimu kusisitiza kwamba kukosa neno hakumaanishi kukosa kuona. Jicho la Mkikuyu wa kale liliiona buluu ya ziwa sawasawa na jicho la msomi wa leo. Tofauti ilikuwa katika namna ya kuipanga rangi hiyo miongoni mwa nyingine.

2.2 Ushahidi wa majina ya mito

Majina ya mito yanayotoka au kupita katika eneo la milima ya kati ya Kenya yanaunga mkono maelezo hayo. Jina la Nanyuki hufasiriwa kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya wekundu. Ewaso Ng'iro, mto unaopokea maji ya mitelemko ya kaskazini ya mlima, hufasiriwa kuwa ni mto wa maji ya kahawia au ya tope. Ruiru, mto unaotoka Nyandarua, unabeba umbo la Kikuyu rũirũ, yaani -irũ iliyopatanishwa na rũũĩ, "mto". Mbali zaidi, mji wa Narok umepewa jina la maji yaliyoitwa meusi kwa Kimaasai. Katika orodha hii fupi yamo maji mekundu, ya kahawia na meusi. Ya buluu hayamo.

Weusi huo haupaswi kuchukuliwa kuwa upungufu wa lugha. Kama itakavyoonekana katika sehemu ya nne, maji maangavu yenye kina kirefu hurudisha mwanga kidogo sana kwenye jicho. Aliyeyaita meusi aliona jambo la kweli.

2.3 Nili, buluu na samawati

Kiswahili kilipohitaji kuitaja buluu kilikopa, na kila mkopo ulikuja na historia yake. Nili ilipitia Kiarabu na mizizi yake inafika hadi Kisanskriti; ni jina la mmea wa kutilia nguo rangi na la rangi itokanayo nao. Buluu ilitoka Kiingereza. Samawati ilitoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Kwa hiyo anayesema "maji ya samawati" anasema, kwa asili ya neno, "maji ya rangi ya mbingu".

Hapa ndipo mtego ulipo. Jina linalolinganisha maji na mbingu linageuka polepole kuwa maelezo kwamba maji yamepata rangi kutoka mbinguni. Ulinganishi umegeuzwa kuwa sababu. Kosa la aina hii lisingefanywa kwa rangi nyingine: hakuna anayedai kwamba nguo ya zambarau imeakisi tunda, wala kwamba kitambaa cha kijivu kimeakisi majivu. Etimolojia hueleza neno lilikotoka. Haielezi kitu kinachotajwa kilivyopata sifa zake.

2.4 Kilindi na anga

Kiswahili kina neno jingine ambalo linakaribia zaidi ukweli wa jambo hili, nalo ni kilindi, mahali penye maji ya kina kirefu. Bandari ya Kilindini, Mombasa, ilipata jina lake kwa sifa hiyo. Mabaharia waliitazama rangi ya bahari ili kujua kina: penye mchanga karibu rangi hufifia, penye kilindi rangi hukoza. Walijua kwa uzoefu kwamba rangi hubadilika kadiri kina kinavyobadilika, ingawa anga lililo juu ni lilelile.

Vilevile inafaa kuangalia kivumishi -angavu. Kinatokana na mzizi uleule unaozaa mwanga, angaza na mwangaza, na ambao pia unahusiana na anga. Katika "maji maangavu" maana inayohusika ni ile ya mwanga kupenya. Kwa hiyo maneno mawili ya Kiswahili, kilindi na angavu, tayari yanataja masharti mawili ya buluu ya ziwa: pawe na kina, na mwanga uweze kupita.

3.0 Dai la Kuakisi Anga

3.1 Historia fupi ya dai

Dai kwamba bahari na maziwa hupata buluu yake kwa kuakisi anga halikutoka kwa watu wasiosoma. Lord Rayleigh, mwanafizikia mashuhuri wa Uingereza aliyeeleza kwa nini anga ni la buluu, alilitetea kuhusu bahari mwaka 1910. Kwa heshima aliyokuwa nayo, wengi waliridhika.

Mwaka 1921 mwanafizikia wa Kihindi, C. V. Raman, alisafiri kwa meli kati ya India na Ulaya. Akiwa safarini aliyatazama maji ya bahari kupitia kipande cha fuwele kinachoweza kuzuia mwanga ulioakisiwa na uso wa maji. Kama buluu ingekuwa ni anga lililoakisiwa, ingepaswa kutoweka mara tu mwanga huo ulipozuiwa. Haikutoweka, ilionekana kwa uwazi zaidi. Raman aliandika matokeo hayo mwaka uleule, na uchunguzi wake wa namna mwanga unavyotawanywa uliendelea hadi kumletea Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1930. Kabla yake, mwaka 1847, mkemia wa Kijerumani Robert Bunsen alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba maji safi yakitazamwa kupitia bomba refu yana rangi ya buluu hafifu, ingawa ndani ya bomba hakuna anga la kuakisiwa.

3.2 Ushahidi wa Mlima Kenya

Si lazima kusafiri baharini ili kulipima dai hili. Anga lililotanda juu ya Nyeri na Meru ni moja, lakini maji yaliyo chini yake yana rangi nyingi. Mto Sagana baada ya mvua kubwa huwa wa kahawia yenye wekundu kwa sababu ya udongo wa volkano. Maji yanayochuruzika kutoka katika mboji ya nyanda za juu huwa na rangi ya chai. Mabwawa ya mashambani huwa ya kijani majira fulani. Ziwa Michaelson ni la buluu. Kama anga ndilo lingekuwa chanzo, maji haya yote yangefanana siku ya jua, na yote yangegeuka kijivu siku ya mawingu.

Lipo pia suala la mahali pa kutazamia. Uso wa maji yaliyotulia, ukitazamwa kutoka juu moja kwa moja, huakisi asilimia 2 hivi tu ya mwanga unaoupiga. Mwanga uliobaki huzama. Mtazamaji aliye ufuoni, ambaye jicho lake liko nyuzi 10 tu juu ya usawa wa maji, hupokea sehemu kubwa zaidi ya mwanga ulioakisiwa, karibu theluthi moja. Kwa hiyo aliyesimama ufuoni huona anga, mawingu na miamba katika maji, naye aliye juu ya jabali la Temple huona zaidi mwanga uliotoka ndani ya ziwa. Buluu ya Michaelson inayosifiwa na wapandaji ni ile inayoonekana kutoka juu, pale ambapo uakisi una nguvu ndogo kabisa.

Haki inadai kwamba anga lisinyimwe mchango wake. Siku ya anga jeupe buluu ya ziwa hufifia. Siku ya anga safi hupendeza zaidi. Lakini mchango huo ni wa kuongeza au kupunguza. Kinachochangiwa kipo tayari.

4.0 Maji Yenyewe Hufanya Nini

4.1 Kufyonza

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Kila rangi ina urefu wake wa wimbi: nyekundu ina mawimbi marefu, hadi nanomita 700 hivi, na buluu ina mawimbi mafupi, takriban nanomita 450. Mwanga huo unapozama majini, maji huufyonza, lakini hayafyonzi rangi zote kwa kiwango kimoja. Nyekundu hufyonzwa kwanza na kwa wingi.

Vipimo vya maabara vya maji safi kabisa vinaonyesha hivi. Mwanga mwekundu wa nanomita 700, baada ya kupita katika meta 1 ya maji, hubaki asilimia 54 hivi. Baada ya meta 5 hubaki asilimia 4 hivi, na baada ya meta 10 hubaki sehemu 2 tu kwa kila 1,000. Mwanga wa kijani wa nanomita 550, baada ya meta hizohizo 10, hubaki asilimia 57 hivi. Mwanga wa buluu wa nanomita 450 hubaki asilimia 91. Takwimu hizi zinaeleza kwa nini kikombe cha maji hakina rangi: njia ya mwanga ndani yake ni sentimeta chache, na hasara ya nyekundu ni ndogo mno kuonekana. Zinaeleza pia kwa nini mpiga mbizi aliyejikata akiwa chini sana baharini huona damu yake haina wekundu wake. Damu haikubadilika, mwanga mwekundu ndio uliokosekana.

4.2 Sababu ya kufyonza

Kila molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni, na viungo kati yao hutetemeka kama nyuzi za udi. Tetemeko lake la msingi hufyonza miale iliyo ng'ambo ya nyekundu, ambayo jicho haliioni. Lakini kama ambavyo uzi wa udi unapopigwa hutoa sauti ya msingi pamoja na sauti hafifu zilizo juu yake, ndivyo molekuli ya maji ilivyo na matetemeko hafifu ya juu. Baadhi ya hayo yanafikia ukingo mwekundu wa mwanga unaoonekana, na hapo huufyonza kidogo kidogo. Katika kikombe kidogo hicho si kitu. Katika ziwa huwa kikubwa.

Uthibitisho mzuri wa maelezo haya ni maji mazito, ambamo mahali pa haidrojeni ya kawaida pamechukuliwa na haidrojeni yenye uzito maradufu. Kwa kuwa kilicho kizito hutetemeka polepole, matetemeko yake ya juu hayafiki kwenye nyekundu, na maji hayo hayana rangi hata katika bomba refu. Anga la juu ni lilelile, na kwa macho vimiminika hivyo viwili havitofautiani katika gilasi. Kinachotofautisha rangi zao ni uzito wa haidrojeni.

4.3 Kutawanya

Kufyonza peke yake hakutoshi kulifanya ziwa lionekane la buluu. Kama mwanga wote uliobaki ungeendelea kushuka, jicho lisingepokea chochote. Lazima sehemu yake irudi. Katika maji ya kina kifupi yenye mchanga mweupe chini, mchanga ndio unaourudisha mwanga, na rangi huwa buluu nyepesi. Katika kilindi kazi hiyo hufanywa na molekuli za maji na chembechembe chache zilizomo, ambazo huutawanya mwanga pande zote, nazo huitawanya buluu zaidi kuliko nyekundu. Kinachorudi ni kidogo, na ni cha buluu karibu chote.

Hapa weusi wa majina ya kale unapata maelezo yake. Kadiri maji yanavyokuwa maangavu zaidi na kina kirefu zaidi, ndivyo mwanga unaorudi unavyopungua, na ndivyo buluu inavyoelekea weusi.

5.0 Mbona Maji Yote Si ya Buluu?

5.1 Wageni ndani ya maji

Kama buluu ni sifa ya maji yenyewe, yafaa kueleza kwa nini maji mengi hayaonyeshi sifa hiyo. Jibu ni kwamba maji ya dunia hayako peke yake. Udongo laini huurudisha mwanga kabla haujafika mbali, na kuupa rangi ya udongo. Ndiyo hali ya Sagana wakati wa mvua na ya Bwawa la Masinga, ambalo tangu lilipojengwa mwaka 1981 limekuwa likipokea tope la mitelemko iliyolimwa. Mboji hutoa tanini na vitu vinavyofanana nayo, ambavyo hufyonza buluu kwanza, na maji huwa ya kahawia bila kuwa na tope. Mwani mdogo usioonekana kwa jicho hufyonza buluu na nyekundu pamoja na kuacha kijani. Ndiyo sababu Ziwa Turkana limesifiwa kwa rangi ya johari ya kijani, na Ziwa Victoria, lenye kina cha meta 80 hivi tu na rutuba nyingi, huwa la kijani mahali pengi. Lakini Ziwa Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470 na maji maangavu, ni la buluu.

Ziwa Chala, lililo katika shimo la volkano karibu na Taveta kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, ni mfano mzuri zaidi kwa mwalimu. Lina kina cha zaidi ya meta 90, na rangi yake hubadilika kwa majira, kutoka buluu iliyokoza hadi feruzi na kijani. Kinachobadilika hasa ni uhai uliomo majini.

5.2 Barafu, unga wa mawe na majina mawili

Juu ya Mlima Kenya yupo mgeni mwingine. Barafu inayosogea juu ya mwamba huusaga na kutoa unga laini kama poda, ambao huelea majini kwa muda mrefu. Maziwa madogo yaliyo miguuni pa barafu, kama yale yanayoitwa kwa majina ya Lewis na Tyndall, hupokea unga huo. Chembe zake huurudisha mwanga kabla nyekundu haijamalizika na kijani hakijapungua, na maji huelekea rangi ya feruzi au ya kijani chenye ukungu. Ziwa lililo mbali na barafu, ambalo maji yake yamekwisha kuchujwa na kutulia, lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa la buluu.

Ni ajabu kwamba ramani ya mlima huu inabeba majina mawili yanayohusu mada hii moja kwa moja. Barafu ya Tyndall ina jina la John Tyndall, mwanafizikia aliyeonyesha mwaka 1869 jinsi chembe ndogo sana zinavyoutawanya mwanga wa buluu. Barafu ya Forel ina jina la François-Alphonse Forel wa Uswisi, ambaye hutajwa kuwa mwanzilishi wa elimu ya maziwa. Forel alibuni kipimo cha rangi za maji, mirija ya kioo yenye vimiminika vya rangi mbalimbali, kuanzia buluu na kuendelea. Wilhelm Ule akakiongezea daraja za kahawia hadi zikafika 21. Kipimo hicho kinatumika hata leo, kwa sababu rangi ya ziwa ni taarifa kuhusu kilichomo ndani yake.

5.3 Buluu kama dalili

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa miji ya Mlima Kenya. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na mwaka 2010, na imezidi kupungua baada ya hapo. Barafu inapokwisha, usagaji wa mwamba hukoma, na unga wa mawe hupungua majini. Ziwa lililokuwa la feruzi linaweza kuwa angavu na la buluu. Mpandaji atalisifu kwa uzuri wake mpya, na pengine atasema anga limekuwa safi. Anayejua sababu ya rangi atasoma katika buluu hiyo habari ya barafu iliyotoweka.

Kwa upande mwingine, ziwa au bwawa linalogeuka kutoka buluu kuwa kijani linaeleza habari ya mbolea na taka zilizotiririka, na linalogeuka kahawia linaeleza habari ya miti iliyokatwa mtelemkoni. Jibu la kuakisi anga linawaziba watu macho wasizione habari hizi zote, kwa kuwa linawafanya watazame juu badala ya kutazama ndani ya maji na kwenye mashamba yanayoyazunguka.

6.0 Funzo kwa Mwalimu na Mtunzi wa Kiswahili

Maelezo yaliyotolewa hapo juu yametegemea vitenzi vitatu: kuakisi, kufyonza na kutawanya. Vyote vimo katika Kiswahili cha kawaida, na istilahi za fizikia kwa Kiswahili zimekuwa zikikusanywa kwa muda mrefu. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tatizo kwa hiyo halipo katika uhaba wa maneno. Lipo katika kuyachanganya. Mara nyingi "kuakisi" hutumiwa kwa kila jambo ambalo mwanga hufanya unapokutana na kitu. Mwanafunzi asiyetenganisha vitenzi hivi vitatu hawezi kulielewa jibu sahihi hata akisomewa, kwa sababu neno moja limefunika mambo matatu.

Mwalimu anaweza kuonyesha tofauti hiyo bila maabara. Sahani nyeupe ikifungwa kamba na kuteremshwa katika maji maangavu, weupe wake huchukua buluu au kijani kadiri inavyoshuka, hadi isionekane. Padre Angelo Secchi wa Italia alitumia kisahani cha namna hiyo kupimia uangavu wa maji mwaka 1865, na njia hiyo ingali inatumika. Mfano mwingine ni bwawa la kuogelea lililojengwa ndani ya nyumba na kupakwa rangi nyeupe: maji yake huonekana ya buluu hafifu ingawa juu yake pana dari.

Mtunzi wa mashairi naye hana haja ya kulitupa neno samawati. Taswira ya ziwa kuwa kioo cha mbingu ni halali katika fasihi, na haidai kuwa maelezo ya fizikia. Hata hivyo, taswira iliyotumiwa na kila mtu huchakaa. Ukweli wa jambo hili unampa mtunzi taswira nyingine ambayo bado haijazoeleka: maji yanayoonekana hayana kitu kiganjani, ilhali yana rangi yao ambayo hudhihirika tu yanapokuwa mengi na yenye kina. Fasihi inayozungumzia umoja, subira au hekima ingeweza kuikuza taswira hiyo kwa namna nyingi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ziwa lenye kina na maji maangavu huonekana la buluu kwa sababu maji hufyonza mwanga mwekundu kuliko mwingine, na mwanga wa buluu unaobaki hutawanywa na kurudi kwenye jicho. Anga huongeza au hupunguza rangi hiyo, hasa kwa mtazamaji aliye ufuoni, lakini silo chanzo chake. Tofauti za rangi kati ya ziwa na ziwa hutokana na vitu vilivyomo majini: udongo, mboji, mwani na unga wa mawe.

Kwa upande wa lugha, imedhihirika kwamba neno samawati limehifadhi ulinganishi ambao umegeuzwa kuwa sababu, na kwamba kilindi, angavu na hata -eusi ni maneno yanayoukaribia ukweli zaidi. Inapendekezwa kwamba walimu wa Kiswahili na wa sayansi katika shule na vyuo vya eneo la Mlima Kenya washirikiane katika kutenganisha maana za kuakisi, kufyonza na kutawanya, kwa kutumia mito na maziwa ambayo wanafunzi wao wanayajua. Mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini Michaelson ni la buluu na Sagana ni mwekundu atakuwa amejifunza fizikia na lugha kwa pamoja, na atakuwa tayari kutambua maji ya kwao yanapobadilika.